VITI VYA WAJUMBE NA HESABU YAKE
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10, Ifakara



Bodi imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo moja lililozungumzwa sana katika vyama vyetu vya msingi tangu mavuno yaliyopita, nalo ni namna ya kugawa viti vya wajumbe. Huenda wengine walitazamia kwamba katika sikukuu ya miaka 10 ofisi ya Katibu ingesoma habari za maghala, mizani na bei ya mpunga. Habari hizo zimo katika taarifa ya mwaka, na kila mjumbe amekwisha kuipata. Hili la viti halimo katika taarifa, tena ndilo litakalopigiwa kura alasiri hii. Kwa hiyo yafaa lielezwe taratibu, kwa hesabu ambayo kila mtu aweza kuirudia nyumbani kwake kwa kalamu na karatasi.

Maoni yaliyofika ofisini ni manne. Vyama vidogo vya mbali vyataka kila chama kiwe na wajumbe sawa, kiwe kikubwa kiwe kidogo. Vyama vikubwa vya karibu na mji vyataka wajumbe kwa kadiri ya wanachama. Wako wenye mashamba mapana wasemao kwamba viti vifuate mzigo, yaani aletaye magunia mengi ghalani awe na sauti kubwa mkutanoni. Na wa mwisho wasema tusijisumbue na mgawo wowote, bali majina yote yapigiwe kura na mkutano mzima, na wenye kura nyingi wachukue viti vyote.

La mzigo tutalimaliza upesi. Tangu wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, ushirika umekuwa ukihesabu watu. Mwenye magunia mengi hupata faida yake katika malipo ya mazao na katika ziada inayogawanywa mwisho wa mwaka. Akipewa na kura za ziada atakuwa amelipwa mara mbili kwa mzigo mmoja, na mjane mwenye ekari moja pale Kiberege atakuwa amekuja mkutanoni kusikiliza tu. Gunia halina kura.

La usawa wa vyama ni gumu zaidi, kwa sababu neno usawa ni tamu masikioni. Lakini nchi hii imepata kuuona usawa wa namna hiyo. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipanga upya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ikaweka viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Kwa kuhesabu viti, haukuwako usawa uliokamilika kuliko huo. Kwa kuhesabu watu, Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu kama 20,000 hivi. Ulipofika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa kila kundi, na TANU ilibidi ikutane Tabora mwezi wa Januari 1958 kuamua kama itaingia katika uchaguzi huo au la. Iliingia, ikashinda, lakini ushindi wake hauufanyi mgawo ule kuwa wa haki. Hatusemi kwamba ndugu zetu wa vyama vidogo wana nia ya wakoloni, hasha. Twasema tu kwamba ukigawa viti sawa kwa makundi yasiyo sawa, umempa mtu wa kundi moja kura nzito na mwenzake kura nyepesi.

Sasa tuje kwa hao wasemao mwenye nyingi achukue. Njia hii twaijua sote, maana ndiyo itumikayo katika majimbo ya Ubunge. Katika jimbo moja lenye kiti kimoja haina ubaya mkubwa, kwa kuwa kiti kimoja hakigawanyiki. Ubaya huonekana majimbo yote yanapojumlishwa. Zanzibar, mwezi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya 54 katika kila 100. Viti vilikuwa 31. Kwa hesabu ya kawaida 54 katika 100 ya viti 31 ni 16 na ushee, na 16 peke yake yatosha kuunda serikali. Lakini Afro-Shirazi kilipata viti 13 tu, na vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoungana vikapata 18. Sababu yake si siri: kura za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo kiliyoshinda kwa wingi mno, na wenzao walishinda majimbo mengi zaidi kwa tofauti ndogo. Kura iliyozidi katika jimbo lililokwisha kushindwa haikuwa na kazi tena. Serikali iliyopatikana kwa hesabu hiyo ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 ilipinduliwa. Mapinduzi yalikuwa na sababu nyingi na za zamani, nasi si wanahistoria. Hata hivyo, watu wengi kuliko nusu kuhesabiwa kuwa wachache ni jambo lisilosahaulika upesi.

Katika mkutano wetu njia hiyo ingekuwa kali kuliko huko. Endapo vyama vya upande mmoja wa mto vina nusu ya wapiga kura na mmoja zaidi, na wakakubaliana majina usiku, watachukua viti vyote asubuhi. Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 wenzetu wa Lupiro na Malinyi hawangoji tena kivuko ili kuja Ifakara. Lingekuwa jambo la ajabu wavuke kwa urahisi hivyo, wakute viti vimekwisha.

Imebaki njia ya kugawa kwa kadiri, ambayo wataalamu huiita uwakilishi wa uwiano. Kanuni yake ni fupi: kundi lenye sehemu fulani ya watu lipate sehemu hiyo hiyo ya viti. Ubelgiji ndiyo nchi ya kwanza kuitia katika sheria ya kuchagua bunge lake lote, mwaka 1899, na leo nchi nyingi huitumia. Afrika Kusini imekuwa ikigawa viti 400 vya bunge lake hivyo tangu mwaka 1994. Jirani zetu wa Rwanda wana wabunge 80, na 53 kati yao hupatikana kwa orodha za vyama kwa kadiri ya kura. 24 ni wanawake, 2 wa vijana, na 1 wa watu wenye ulemavu. Nasi wenyewe tunayo hapa nyumbani, ingawa wengi hawajaitambua kwa jina hilo. Tutaifikia.

Ugumu wote uko mahali pamoja. Mpunga ukigawanywa, kilichopungua gunia hupimwa kwa debe, na kilichopungua debe hupimwa kwa kilo. Mjumbe hapimwi kwa debe. Hesabu ikitoa wajumbe 2 na robo, robo ile hatuwezi kuipandisha gari la moshi Mlimba ije mkutanoni. Basi swali ni hili: masalio yaende kwa nani? Hapo ndipo njia zinapoachana, na mwenye kuijua njia aweza kumpokonya mwenzake kiti pasipo kuvunja sheria hata moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vyama vinne vina wanachama 1,000, na viti ni 10. Cha kwanza kina wanachama 530, cha pili 230, cha tatu 170 na cha nne 70.

Njia ya kwanza ni ya masalio makubwa, na kipimo chake hutajwa kwa jina la Thomas Hare, mwanasheria wa Uingereza aliyeandika juu ya uwakilishi katika miaka ya 1850. Gawa wanachama wote kwa viti vyote: 1,000 kwa 10 ni 100. Hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja (bei ya watu, si ya fedha, tusije tukasikiwa vibaya). Chama cha kwanza chanunua viti 5 na kubakiwa na watu 30. Cha pili chanunua 2, kinabakiwa na 30. Cha tatu kiti 1, kinabakiwa na 70. Cha nne hakifikii bei. Watu wake wote 70 ni salio. Viti 8 vimekwenda, 2 vimebaki, na vyapewa wenye masalio makubwa, yaani cha tatu na cha nne. Jumla ni 5, 2, 2 na 1.

Njia ya pili ni ya Victor D'Hondt, Mbelgiji aliyeishi karne hiyo hiyo. Yeye hakutaka masalio. Alisema: gawa hesabu ya kila kundi kwa 1, kisha kwa 2, kwa 3, kwa 4, na kuendelea, andika majawabu yote, kisha toa viti kuanzia jawabu kubwa hadi viti viishe. Chama cha kwanza chatoa 530, 265, 177, 133, 106 na 88. Cha pili 230, 115 na 77. Cha tatu 170 na 85. Cha nne 70. Ukichagua majawabu 10 makubwa, la mwisho ni 85 la chama cha tatu. Cha pili chaachwa na 77 yake, na cha nne na 70 yake. Jumla ni 6, 2, 2 na sifuri.

Tazameni vizuri, ndugu wajumbe. Wanachama ni wale wale, viti ni vile vile. Kwa njia ya kwanza chama kikubwa kina viti 5 katika 10, nacho hakiwezi kupitisha neno lolote bila kumshawishi jirani yake. Kwa njia ya pili kina viti 6, chaweza kuamua kila kitu peke yake, na watu 70 wa chama cha nne hawana hata mtu wa kupinga kwa niaba yao. Wakulima wa bonde hili wameijua lumbesa kwa miaka mingi: gunia hujazwa likapita kipimo, lakini huhesabiwa gunia moja. Njia ya D'Hondt hupendelea kumpa mkubwa lumbesa. Wanaoitetea husema huzuia mabaraza kujaa vikundi vidogo vidogo visivyoelewana, na kwa kuunda serikali ya nchi hoja hiyo yaweza kuwa na uzito. Mkutano wa ushirika hauundi serikali.

Iko pia njia ya Mfaransa André Sainte-Laguë, ya mwaka 1910, ambaye hugawa kwa 1, 3, 5, 7 na kuendelea kwa kuruka namba. Katika mfano wetu yatoa 5, 2, 2 na 1, sawa na ya masalio.

Msidhani kwamba haya ni mchezo wa darasani. Katiba yetu, katika ibara ya 66 na ya 78, yaagiza kwamba viti maalum vya wanawake Bungeni vigawanywe kwa vyama vya siasa kwa uwiano wa kura za ubunge, na chama kisichopata angalau asilimia 5 ya kura halali hakiingii katika mgawo. Katika uchaguzi wa mwaka 2015, vyama vitatu vilipita kizingiti hicho: CCM kwa kura 8,333,953, CHADEMA kwa kura 4,627,923 na CUF kwa kura 1,257,051. Viti 110 viligawanywa kwanza, na 3 vikasubiri majimbo ambayo uchaguzi wake uliahirishwa. Fanyeni hesabu ya masalio. Jumla ya kura za vyama hivyo ni 14,218,927. Ukigawa kwa 110, bei ya kiti ni kura 129,263 hivi. CCM yapata viti 64 na salio la kura 61,000 na kitu. CHADEMA yapata 35 na salio la 103,000 na zaidi. CUF yapata 9 na salio la 93,000 na zaidi. Viti 2 vilivyobaki vyaenda kwa CHADEMA na CUF, na jawabu ni 64, 36 na 10. Ndivyo vilivyotangazwa.

Kura hizo hizo zikipitishwa katika njia ya D'Hondt zatoa 65, 36 na 9. Kiti kimoja chahama kutoka chama kidogo kwenda chama kikubwa, na mwanamke mmoja anakaa nyumbani na mwingine anaapishwa, wala hakuna mpiga kura aliyebadili nia. Ushirika wetu hauna chama cha siasa, na tumetaja majina hayo kwa ajili ya hesabu tu.

Kizingiti nacho chataka kutazamwa. Mwaka huo huo ACT-Wazalendo na NCCR-Mageuzi vilipata mbunge mmoja mmoja wa jimbo, lakini havikupata viti maalum kwa kuwa havikufikia asilimia 5. Kura zao hazikuingia hata katika hesabu ya bei. Afrika Kusini haina kizingiti cha namna hiyo katika sheria yake, na vyama vidogo sana huingia bungeni kwa kiti kimoja au viwili. Kwetu sisi ofisi haioni sababu ya kuweka kizingiti. Chama chenye watu 40 pale juu ya Mngeta hakikuanzishwa ili kuwasumbua wenye watu 500. Kilianzishwa kwa sababu njia ya kuja ghalani ni mbaya wakati wa masika. Vyama viwili au vitatu vya namna hiyo vikitaka kuungana kwa hesabu ya viti tu, na kumtuma mjumbe mmoja, viruhusiwe.

Yako mambo mawili ambayo yatupasa kuyasema kwa unyofu, tusije tukalaumiwa baadaye kwamba tuliisifu njia ya masalio kupita kiasi. La kwanza ni kioja kilichogunduliwa Marekani baada ya sensa ya mwaka 1880. Walipopiga hesabu ya baraza la viti 299, jimbo la Alabama lilipata viti 8. Walipoongeza kiti kimoja yakawa 300, Alabama likapata 7. Kiti kiliongezwa mezani, na mmoja wa wageni akapoteza chake. Njia ya masalio ina ila hiyo, na dawa yake ni kutobadili idadi ya viti kila mwaka kwa kupenda kwa watu. Idadi ikiandikwa katika masharti, iachwe humo kwa miaka kadhaa.

La pili ni kubwa zaidi, nalo halimo katika hesabu. Mgawo husema kila kundi lipate viti vingapi. Hausemi nani avikalie. Katika viti maalum majina hupelekwa na vyama vyenyewe, na mpiga kura hakuti jina la mwanamke huyo katika karatasi yake. Kwa hiyo kila kitu hutegemea jinsi orodha ilivyoandikwa, na walioiandika. Hatusemi kwamba viti hivyo havina faida. Bi. Susan Kiwanga aliingia Bungeni kwa kiti maalum mwaka 2010, na mwaka 2015 wananchi wa Mlimba walimchagua kuwa mbunge wa jimbo. Mlango mdogo ulimfikisha kwenye mlango mkubwa, hapa hapa bondeni kwetu. Lakini chama cha msingi si chama cha siasa, na wanachama wake hujuana kwa majina na kwa mashamba. Hapana sababu ya mwenyekiti na karani kuandika orodha usiku. Wajumbe wachaguliwe na mkutano wa wanachama kwa kura ya siri, na chama kipatacho viti viwili au zaidi kimtume angalau mwanamke mmoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina jambo jingine la kujifunza. Huko wabunge 12 wa orodha katika Bunge la Taifa hugawanywa kwa uwiano wa viti ambavyo kila chama kimekwisha kushinda, si kwa uwiano wa kura. Aliyependelewa na majimbo hupendelewa tena na orodha. Nasi tukihesabu wajumbe wa Bodi kwa kufuata wajumbe wa Mkutano Mkuu, badala ya kufuata wanachama, kosa la kwanza la masalio litazaa la pili. Kwa hiyo pendekezo la Bodi ni kurudi kwenye daftari la wanachama kila mara.

Pendekezo lenyewe litakalosomwa alasiri ni hili. Viti vya wajumbe vigawanywe kwa idadi ya wanachama hai walioandikwa katika daftari la kila chama cha msingi, kwa njia ya masalio makubwa, bila kizingiti. Masalio yakilingana, kiti kiende kwa chama chenye wanachama wachache. Na idadi ya viti isibadilishwe kwa miaka 5. Likipita, litapelekwa kwa Mrajis, maana mabadiliko ya masharti hayana nguvu mpaka yaandikishwe kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mkutano ukipenda njia ya Sainte-Laguë badala ya masalio, ofisi haitakuwa na kinyongo. Matokeo yatakaribiana sana. Mkutano ukipenda ya D'Hondt, tutaomba wajumbe wa vyama vidogo waombwe kusema kwanza.

Hesabu kamili, chama kwa chama, imebandikwa mlangoni mwa ghala tangu jana jioni, pamoja na mgawanyo wake kwa njia zote tatu. Atakayeona kwamba idadi ya wanachama wa chama chake imekosewa na amwone karani wa daftari kabla ya saa 8 mchana, akiwa na daftari lake mkononi, kwa kuwa baada ya saa hiyo karatasi za kura zitaanza kutolewa.